Gari la Kijerumani Kule Boito

Kabla ya gari hilo, mume wangu alikuwa mtu wa kusikika kwanza ndipo aonekane. Alikuwa dereva wa lori la majani chai, yale malori yanayozunguka kwenye vituo kuchukua majani ya wakulima na kuyapeleka kiwandani. Nikiwa jikoni nilikuwa nalitambua lori lake likiwa bado ng'ambo ya mto, likipanda kilima kwa gia nzito. Ndiyo maana jioni aliyoleta gari sikujua lolote. Nilikuwa nakamua, ndoo katikati ya magoti, nikasikia tu mlango ukifungwa polepole, kama mtu ameweka mto kitandani. Nilipotoka nje nilimkuta amesimama kando ya gari refu la rangi ya buluu iliyokolea, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ni yetu."

Alikuwa amestaafu muda mfupi kabla. Tulikuwa tumezungumza, tena si mara moja, kwamba akipata kiinua mgongo chake tutatafuta pikapu, hata iliyochoka, ya kupeleka maziwa na kuleta chakula cha ng'ombe. Badala yake alikuwa amenunua gari la Kijerumani la watu watano, la chini, kutoka kwa meneja wa shamba moja kubwa la Kericho aliyekuwa anahama. Lilikuwa limetumika miaka mingi. Viti vyake vilikuwa vya ngozi, na cha dereva kilikuwa kimepasuka pembeni kama midomo ya mtu wakati wa kiangazi.

"Na mitungi ya maziwa itakaa hapo?" nikasema, nikionyesha vile viti.

Yeye si mtu wa kubishana. Alipapasa paa la gari kwa kiganja, akasema, "Mama, nimebeba majani ya watu maisha yangu yote. Nilitaka gari moja tu linibebe mimi."

Nilirudi kwa ng'ombe wangu. Sikufurahi.

Niseme hapa kwamba mimi si wa Boito kwa kuzaliwa. Kwetu ni ng'ambo ya Chepilat, upande wa Nyamira, kwa Wakisii wenye migomba na maneno mengi. Yeye ni Mkipsigis wa papa hapa Konoin, kwa watu wanaosema kidogo. Tulipooana yeye hakujua lugha yangu, nami sikujua yake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa cha ndoa yetu. Tuligombana kwa Kiswahili, tukalea watoto kwa Kiswahili, na hata baadaye, niliposhika Kipsigis hadi mama mkwe akawa ananiteta akijua ninasikia, sisi wawili tuliendelea hivyo hivyo.

Kesho yake shemeji yangu alikuja kuliona gari. Ni mdogo wa mume wangu, boma lake linapakana na letu, na wakati huo alikuwa na gari la Kijapani la mgongo mrefu alilolitumia kwa kila kitu, kuanzia harusi mpaka mbolea. Alilizunguka gari letu, akainama akachungulia chini, akasimama akacheka.

"Ndugu yangu, hii ni gari ya lami. Sasa hapa lami iko wapi?"

"Iko kule juu," mume wangu akasema.

"Na kutoka hapa mpaka kule juu utaibeba kwa mgongo? Ikiharibika spea utaagiza Ujerumani? Hata ile kanisa yetu yote tukiomba, hii kitu haitamaliza mwaka."

Watu wengi walisema hivyo hivyo kwa njia zao. Pale sokoni walisema. Kwenye kituo cha majani, wanawake wenzangu waliniuliza kama sasa nitakuwa nachuma chai nimevaa viatu vya visigino. Nilicheka nao, maana ndani yangu nilikuwa naona wana haki.

Ule mwaka wa kwanza sitaupamba. Kioo cha dirisha la nyuma kilishuka kikakataa kupanda, tena mvua ndiyo ilikuwa imeanza, tukakaa nalo hivyo tukiziba kwa gunia la chakula cha ng'ombe. Taa moja ndogo ya rangi ya chungwa iliwaka kwenye dashibodi na kuzima ilivyotaka yenyewe. Barabara yetu ya murram, udongo na changarawe tu, ina mawe yanayochomoza baada ya kila mvua, na tumbo la gari lilikuwa linakwaruza hadi mimi ndiye ninayekunja uso. Mume wangu hakulalamika. Alimwendea fundi wa kuchomelea vyuma, akatengenezewa bamba la kukinga injini kwa chini, na akajifunza kila jiwe la njia ile. Alikuwa anaweka tairi kama mtu anayekanyaga kati ya mistari ya mboga za sukuma.

Kubwa lilikuwa la maji. Tulikuwa tunatoka kwetu Nyamira, kumwona mama yangu, tukasikia harufu tamu kama ya sukari inayoungua. Kabla hatujaambiana kitu, mvuke ulitoka mbele. Tulikuwa karibu na Chepilat, kwa hiyo watu walitusukuma hadi gereji iliyo nyuma ya soko. Fundi alikuwa kijana wa kwetu, Mkisii, na alikuwa na mdomo.

"Mama, usijali," akasema hata kabla hajafungua boneti. "Hizi gari za Ulaya mimi ndiyo daktari wao."

Alionyesha tangi la maji la plastiki lililokuwa limepasuka, akalikausha, akalipaka gundi yake, akasema hilo sasa tutazikwa kabla yake. Tulifika Sotik. Mvuke ukatoka tena. Tukangoja likapoa, tukaongeza maji, tukarudi mdogo mdogo. Daktari wa magari ya Ulaya alipotuona tunaingia alijifanya anatafuta spana.

Alituagizia tangi lingine Nairobi, likaja na basi, likawa si lenyewe. La pili ndilo lililoingia. Siku hiyo alifanya kazi kimya, akamaliza, akanawa mikono kwa petroli na sabuni, akamwambia mume wangu, "Mzee, nimejua kitu moja. Hii gari haitaki uongo. Ukiipatia ile kitu inataka, inatulia. Ukiidanganya, inakuaibisha mbele ya watu."

Tangu siku hiyo tukawa wateja wake, naye akawa anatuambia ukweli. Na kweli gari lilitulia. Asubuhi za baridi, wakati pikipiki za jirani zinapigwa teke mpaka mtu anatokwa jasho, lenyewe liliwaka kwa mguso mmoja. Breki zilishika. Kwenye ukungu wa kule kwenye mashamba makubwa, ambako huoni hata mti wa mbele yako, taa zake zilichora barabara vizuri. Kidogo kidogo nikaanza kuketi ndani bila kununa.

Siku moja tulikuwa tunaenda Kericho, mvua na baridi, nikabonyeza kitufe kimoja nikitafuta redio. Baada ya muda nikahisi joto chini yangu. Joto likazidi, likapanda mgongoni.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Simamisha! Gari linaungua kwa chini!"

Akasimamisha upesi, akatazama, akaona nilichobonyeza. Alicheka hadi akaweka kichwa kwenye stering. Kumbe viti vile vina joto lake, vimetengenezwa hivyo kwa ajili ya nchi za barafu. Mimi ninayeinama kwenye chai tangu utotoni, na mgongo wangu ninaujua mwenyewe, sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu mahali fulani aliwahi kukaa chini akawaza mgongo wa abiria. Hatukuzima mpaka tukafika.

Kisha ikaja ile asubuhi ambayo sipendi kuisimulia, lakini bila hiyo mengine hayaeleweki.

Tulikuwa tunachuma, yeye mstari wake na mimi wangu, mvua nyepesi ikinyunyiza. Nikamwambia kitu, sikumbuki ni nini, akakosa kunijibu. Nilipogeuka nikaona kikapu kimeanguka na majani yamemwagika, naye amesimama ameegemea vichaka vya chai kama mtu mlevi. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Alinitazama kwa macho ya mtu anayejua vizuri kabisa kinachotendeka. Alitaka kusema, ikatoka sauti tu.

Nilipiga ukemi ambao kwetu tunapiga kwa msiba. Shemeji alikuja akikimbia na gamboti miguuni. Gari lake la Kijapani alikuwa amemwazima mtu. Akatazama lile la buluu, akanitazama mimi.

"Ufunguo," akasema.

Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Njia yote ya murram ilikuwa tope. Shemeji hakulijua gari lile wala mawe yake, na kwenye kile kilima cha mwisho tulisikia jiwe likigonga bamba la chini kwa kishindo. Gari likaenda upande, likatafuta, likashika, likapanda. Tulipokanyaga lami lilikwenda kama linalojua tunakokwenda. Mimi nilikuwa naomba kwa lugha zangu zote tatu. Hakuna kilichowaka kwenye dashibodi, hakuna kilichonuka.

Hospitalini daktari, mama mmoja wa umri wangu, alimpima, akatoka nje kuzungumza nasi. "Ni kiharusi," akasema. "Upande wa kulia na maneno. Lakini mmemleta mapema. Hilo limemsaidia sana."

Shemeji alitoka nje. Baadaye nilipomfuata kumwambia mgonjwa amelala, nilimkuta amesimama kwenye mvua, kiganja chake kikiwa juu ya boneti, kama unavyomshika ng'ombe aliyezaa salama. Hakuniona. Nilirudi ndani.

Mume wangu alirudi nyumbani akiwa hai, na kwa hilo pekee nilikuwa nimeshiba shukrani. Lakini alirudi bila maneno. Mkono wa kulia ulilala tu, mguu wa kulia aliuburuta. Alielewa kila kitu, hata mizaha, ila akitaka kusema lilitoka "ta, ta, ta," na akiona hatuelewi anafumba macho. Mtu ambaye alikuwa anasema kidogo kwa kupenda, sasa alikuwa amenyimwa hata hicho kidogo.

Daktari aliagiza mazoezi ya viungo Kericho, mara mbili kila wiki, bila kukosa. Wiki za kwanza shemeji alituendesha. Lakini naye ana ng'ombe wake na chai yake, na nilianza kuona anavyoangalia saa. Kukodisha gari kila safari hatungeweza. Watoto wetu wote wako mbali. Usiku mmoja wala sikuamua, niliamka tu asubuhi nikiwa nimeshaamua. Nikamwambia mume wangu wakati ninamlisha uji.

"Nitajifunza kuendesha."

Alinitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Ilikuwa mara ya kwanza anacheka tangu augue.

Nilijiandikisha shule ya udereva Litein, na darasa lote lilikuwa la vijana wa pikipiki. Walinipa kiti cha mbele na kuniita mathe, yaani mama. Tulifundishwa kwenye ule ubao wenye mji mdogo wa kuchorwa, unasukuma kigari cha mbao ukitaja sheria. Kwenye ubao nilikuwa hodari. Kwenye gari la shule, dogo na jepesi, nikawa si mbaya. Lakini gari letu lilikuwa mnyama mwingine, refu, zito, na klachi yake ilikuwa inashika juu kabisa, inataka mguu wenye subira. Mwalimu wa Litein akaniambia nifanye mazoezi nalo, nikae na dereva mzoefu ubavuni. Dereva mzoefu niliyekuwa naye ndiye huyo mume wangu.

Kwa hiyo kila alasiri, baada ya kuchuma, nilimwongoza mume wangu hadi kiti cha abiria, nikamfunga mkanda, nikaenda upande wa pili. Tulitumia ile barabara tambarare inayopita kituo cha majani. Nilipokosea alikuwa anagonga dashibodi kwa mkono wa kushoto. Pigo moja: punguza. Mawili: simama. Mengi mfululizo: Mungu wangu. Gari lilikuwa linaruka kama mbuzi, linazima, nawasha, linaruka, linazima. Wanawake kwenye chai waliacha kuchuma. Wakawa wanahesabu kwa sauti, na likizima wanapiga vigelegele.

Nilishangaa jinsi gari lile lilivyonivumilia. Nimesikia watu wengi wakisema magari ya Ulaya ni maringo. Mimi nililitesa gari hilo jinsi ambavyo hata punda angegoma, na halikugoma hata siku moja.

Jambo lenyewe lilitokea kwenye mteremko mdogo karibu na daraja. Kulikuwa na ng'ombe barabarani, nikachanganyikiwa, nikakanyaga mafuta badala ya kuachia, injini ikalia, gari likaruka mbele. Na hapo pembeni yangu ikatoka sauti, nzito, kamili, ya dereva wa lori:

"Klachi!"

Nikakanyaga klachi. Gari likatulia. Ng'ombe wakapita, na mchungaji wao akanitazama kama mwendawazimu, maana nilikuwa nimeachilia stering na kufunika uso kwa mikono yote miwili.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshangaa kuliko mimi. Alijaribu mdomo wake polepole, kama mtu anayeonja chai ya moto. "Klachi," akasema tena. "Kla-chi."

Halikuwa neno la Kipsigis alilofundishwa na mama yake. Halikuwa jina langu wala amina. Lakini nakuambia, sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Nililia pale darajani hadi nikamfanya naye alie, kisha tukacheka, kisha akagonga dashibodi mara moja, akaonyesha mbele kwa kidevu. Somo lilikuwa halijaisha.

Baada ya hapo maneno yalianza kuja, na mengi yalikuja kupitia gari. Breki. Polepole. Shimo. Kushoto. Mama wa mazoezi pale Kericho aliniambia si ajabu. Maneno ambayo mtu ameyatumia maisha yake yote, tena kwa haraka, wakati mwingine ndiyo yanayopata njia ya kutoka kwanza. "Endelea kumtisha," akaniambia akicheka.

Na mkono pia. Breki ya mkono ya gari hilo iko kati ya viti, upande wa mkono wake wa kulia, ule uliolala. Kila niliposimama kwenye kilima nilikuwa nasahau kuivuta, tunaanza kurudi nyuma. Niliona anautazama mkono wake, anautazama, jasho likimtoka usoni. Siku nyingi hakuna kilichotokea. Kisha alasiri moja vidole vilitembea juu ya paja lake, vikavuka, vikalala juu ya ile breki. Hakuwa na nguvu ya kuivuta. Niliweka mkono wangu juu ya wake tukavuta pamoja.

Nilipopata leseni, shemeji ndiye aliyekuja kwanza kunipongeza, akaniletea mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kwenye kibuyu. Akalizunguka tena lile gari kama siku ile ya kwanza. "Niliitukana hii gari," akasema. "Leo naiambia kongoi." Asante hiyo aliitoa kwa gari lenyewe, si kwangu, na hakuona haya.

Sasa tukawa tunaenda Kericho wawili, mimi na mzee wangu. Sikuwa dereva wa kusifiwa. Malori ya majani yalikuwa yananipita yakipiga honi, na madereva wengine, waliomfahamu, walikuwa wanatoa mkono dirishani kumsalimu yeye. Alikuwa anajinyoosha kwenye kiti chake chenye joto na kuinua mkono wa kushoto kama mkubwa fulani.

Gari lilituacha njiani mara moja tu katika safari zile zote, na hata hiyo nasita kuiita mbaya. Tulikuwa katikati ya mashamba makubwa ya chai, hakuna duka wala nyumba ya kuonekana, mume wangu akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Moto," akasema. Mshale wa joto ulikuwa unapanda. Miaka ya nyuma pengine ningesema tufike tu kwanza. Nilisimama papo hapo, nikazima, nikampigia simu fundi wa Chepilat.

"Umezima?" akauliza.

"Nimezima."

"Basi umeokoa injini. Msiiguse. Hiyo naona ni pampu ya maji. Nakuja na pikipiki, lakini ni mbali, mvumilie."

Mvua ilianza. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka kuchuma walitukuta. Mmoja alinisalimu kwa Kiswahili, nikasikia lafudhi, nikamjibu kwa Kikisii, "Bwakire buya." Alinikumbatia pale pale barabarani. Wote wawili walikuwa wa kwetu, wafanyakazi wa shamba lile miaka mingi. Walitaka twende kwao, kwenye nyumba za wafanyakazi, tukae kwa joto. Tatizo lilikuwa njia, ya miguu, ya kupanda, na tangu augue mume wangu alikuwa hajawahi kutembea zaidi ya kutoka nyumbani hadi zizini.

"Tuwaite wanaume wambebe," mmoja akasema.

"Hapana," mume wangu akasema. Neno zima, safi. Akashika fimbo.

Tulitembea. Tulipumzika kila baada ya hatua chache, mmoja wa wale akina mama akimwekea kikapu chake akikalie. Nilimtazama mguu wake wa kulia ukijifunza kile kilima, ukiburuta, ukiinuka kidogo, ukiburuta. Tulipofika alikuwa amelowa, anahema, uso wake ukiwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu alipokuwa na lori lake. Walitupa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na wakamvua soksi wakazianika juu ya jiko kana kwamba ni kaka yao. Yeye asiyejua Kikisii alikaa kati yetu akisikiliza tunavyopiga domo, akitabasamu kwa ule mdomo wake wa upande mmoja.

Fundi alifika amelowa kama panya, na ilikuwa pampu kweli. Alikuwa ameshalifungua gari kule barabarani, akatueleza kwamba halitatembea siku hiyo, na wenyeji wetu wakapata pikapu ya shamba ya kutufikisha lami. Gari lilibaki pale, mlinzi wa lango akiliangalia, mpaka pampu ilipopatikana. Hakikupotea hata kifuniko cha tairi. Wale akina mama wawili tunatembeleana hadi leo.

Watu huniuliza, hasa vijana wanaotaka kununua, "Mama, hiyo gari ya Ulaya inaaminika?" Ninawaambia ninachojua. Maji yake yaangalie kila mara, plastiki zake zinazeeka kama meno. Tafuta fundi atakayekiri asichojua. Kwa njia ya mawe, kinga tumbo lake. Spea utangoja. Na kama unataka gari la kubeba mitungi ya maziwa, nunua pikapu, hata mimi bado naitamani. Wakiuliza tena, "Lakini inaaminika?" ninafikiria kile kilima chenye tope na kichwa cha mume wangu mapajani mwangu.

Mume wangu hajaendesha tena na hataendesha. Hilo tumelikubali, yeye kabla yangu. Anatembea na fimbo, anazungumza polepole, na mkono wa kulia unaweza kushika kikombe kisichojaa. Jumapili nyingine baada ya kanisa ninampeleka Kimulot kwa dada yake, juu kule karibu na msitu wa Mau, ambako baridi inauma masikio. Jumapili iliyopita dada mtu alitujazia viazi hadi gari likainama nyuma, na kabichi mbili juu ya kiti cha ngozi. Mume wangu alisimama akatazama matope ya viazi kwenye kile kiti, nikadhani atasema kitu.

"Weka na hiyo nyingine," akamwambia dada yake, akionyesha kabichi ya tatu.

Tukaagana, nikageuza gari uani kwa mara moja bila kurudi nyuma mara mbili, jambo ambalo si la kila siku. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni. Nikawasha taa, naye akabonyeza kile kitufe cha joto, cha kwake na cha kwangu, tukateremka kwenda kukamua.